Kuendesha Siku ya Seneti: Mwongozo wa Kupanga Shughuli, Mijadala na Kura

Mtu anayeanza kazi katika Seneti ya Kenya, awe karani, msaidizi wa seneta, afisa katika ofisi ya kiranja (anayehakikisha maseneta wa upande wake wanahudhuria na kupiga kura) au mtafiti wa kamati, hufundishwa mapema kwamba akidi ya kikao ni maseneta 15. Nambari hiyo ni sahihi, imo katika Kifungu cha 121 cha Katiba, na ikikosekana kikao hakiendelei. Hata hivyo, nambari inayoamua iwapo kazi ya siku itazaa matunda ni 24, kwa kuwa katika mambo yanayohusu kaunti kura hupigwa na kaunti wala si na seneta mmoja mmoja, na jambo hupita tu likiungwa mkono na zaidi ya nusu ya kaunti zote 47, ziwe zimewakilishwa ukumbini au la. Pengo hilo kati ya 15 na 24 ndilo linalofanya Mswada ukae katika Orodha ya Shughuli wiki baada ya wiki ilhali mjadala wake ulikwisha zamani. Mwongozo huu unaipanga siku kuanzia kwenye kura, kisha unarudi nyuma hadi asubuhi, kwa sababu naamini hiyo ndiyo njia ya pekee ya kuliziba pengo hilo.

Hatua ya kwanza: Ijue kura kabla ya kupanga chochote

Kabla hujaandika jina la Mswada au Hoja katika rasimu ya Orodha ya Shughuli, uliza jambo hilo litaamuliwa kwa kura ipi. Zipo aina tatu, na kila moja ina mahitaji yake.

Aina ya kwanza ni ya mambo yasiyohusu kaunti. Hapa kila seneta ana kura moja, na maseneta ni 67: 47 waliochaguliwa na wapiga kura wa kaunti, wanawake 16 walioteuliwa na vyama, wawili wanaowakilisha vijana na wawili wanaowakilisha watu wenye ulemavu. Uamuzi hufuata wengi wa waliopo na kupiga kura. Spika hana kura, na kura zikilingana, Hoja imeanguka.

Aina ya pili ndiyo itakayokushughulisha siku nyingi. Chini ya Kifungu cha 123, maseneta wote waliojiandikisha kuwa wapiga kura katika kaunti moja ni ujumbe mmoja wenye kura moja, na kiongozi wa ujumbe huo ni seneta aliyechaguliwa. Ndiyo maana seneta maalum, yaani aliyeteuliwa na chama, aliyejiandikisha Nairobi yumo katika ujumbe wa Nairobi hata kama chama chake si kile cha seneta aliyechaguliwa na wakazi wa Nairobi. Kiongozi anatakiwa kushauriana na wenzake wa ujumbe kabla ya kupiga kura, lakini mwenye kukata shauri ni yeye. Asipokuwepo, kura hupigwa na mjumbe mwingine aliyemteua yeye mwenyewe. Zingatia maneno hayo ya mwisho, kwa maana mjumbe ambaye hakuteuliwa hana kura hata akiwa amekaa ukumbini tangu kikao kifunguliwe, na kaunti yake inahesabiwa kuwa haipo.

Kwa upande wa Miswada, swali la iwapo inahusu kaunti huamuliwa mapema na Maspika wa Mabunge yote mawili kwa pamoja, kama Kifungu cha 110 kinavyoagiza, na kwa kuwa Seneti hushughulikia Miswada inayohusu kaunti tu, chukulia kwamba Mswada ulio mezani kwako utahitaji kaunti 24. Kwa mambo mengine, Spika ndiye anayetoa uamuzi kabla ya kura. Usisubiri Spika aanze kuhoji, yaani kuwauliza maseneta wanakubali au wanakataa, ndipo umkumbushe. Uamuzi huo uandaliwe kwa maandishi asubuhi, uwe tayari mbele yake, kwa sababu swali la nidhamu (pingamizi kwamba kanuni imevunjwa) juu ya aina ya kura likizuka wakati kengele imekwisha kulia, maseneta waliokuja kwa ajili ya kura huanza kutawanyika huku wakili huyu na yule wakibishana.

Aina ya tatu hutokea kwa nadra lakini uzito wake ni mkubwa. Kumwondoa Rais au Naibu Rais mamlakani kunahitaji theluthi mbili ya maseneta wote, yaani 45 kati ya 67, na hapo kila seneta hujipigia kura yake. Seneti ilipitia njia hiyo Oktoba 2024 katika kesi ya Naibu Rais Rigathi Gachagua.

Hatua ya pili: Panga wiki, ndipo upange siku

Seneti hukutana Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri. Vikao vya alasiri huanza saa nane unusu na kwa kawaida huahirishwa saa kumi na mbili unusu jioni. Mpango wa shughuli hutoka katika Kamati ya Shughuli za Seneti, ambayo Spika ndiye mwenyekiti wake na ambamo viongozi na viranja wa pande zote huketi, na kila Alhamisi Kiongozi wa Wengi huisomea Seneti shughuli zinazotarajiwa wiki inayofuata.

Ukiwa unaiandalia Kamati hiyo rasimu, weka kura zote za kaunti Jumanne alasiri au Jumatano alasiri. Alhamisi jioni maseneta wengi huwa njiani kwenda kaunti zao, na seneta wa Turkana au wa Mandera anayetakiwa kuwahi ndege hawezi kulaumiwa akiondoka mapema. Alhamisi inafaa kwa mjadala wa Kusomwa kwa Mara ya Pili, yaani Mswada ukijadiliwa kwa jumla, ambao unahitaji akidi tu, na kwa Hoja za maseneta binafsi ambazo zinapata nafuu kwa kuzungumziwa bila haraka.

Jambo la pili ni kuzikusanya kura mahali pamoja. Mara nyingi mjadala wa Mswada unamalizika saa kumi na moja jioni, mtoa hoja anahitimisha, kisha kwa kuwa ukumbi umebaki na maseneta wachache, anaomba Spika aahirishe kuhoji hadi siku nyingine. Kanuni za Kudumu, zinazoongoza vikao vya Seneti, zinaruhusu hilo, na ni kinga nzuri kwa sababu Mswada mzuri ukihojiwa mbele ya kaunti 18 unaanguka hata kama zote 18 zinauunga mkono. Lakini kinga hiyo ikitumiwa kila siku bila mpango, Orodha ya Shughuli inajaa mambo yaliyokwisha kujadiliwa yanayosubiri watu. Dawa yake ni kutenga alasiri moja katika wiki, kuyapanga mambo yote yanayosubiri kura yafuatane, kuyaweka mara baada ya Taarifa zinazoombwa kamatini na kabla ya mjadala wowote mpya, na kuwatangazia maseneta saa kamili siku mbili kabla. Seneta akijua kwamba saa kumi kamili kuna kura tano mfululizo atapanga mikutano yake kando ya saa hiyo, jambo ambalo hawezi kulifanya kwa kura moja isiyojulikana itaanguka saa ngapi.

Kuhusu Miswada, usiruhusu Kusomwa kwa Mara ya Pili kuingie katika Orodha kabla ripoti ya kamati haijawasilishwa mezani. Kamati hupewa siku 30 tangu ipewe Mswada, na ndani ya siku hizo inapaswa kuwashirikisha wananchi, kama Kifungu cha 118 kinavyotaka. Mahakama zetu zimezibatilisha sheria kwa kukosa ushirikishaji huo, kwa hiyo ripoti isiyoeleza wananchi walisikizwa wapi na walisema nini irudishwe kamatini hata ikiwa imepambwa vipi.

Hatua ya tatu: Asubuhi ya siku ya kura

Andaa jedwali lenye mistari 47, moja kwa kila kaunti. Katika kila mstari andika mambo manne: kama kiongozi wa ujumbe yuko Nairobi, kama atakuwa ukumbini saa ya kura, kama hayupo amemteua nani, na kama barua ya uteuzi imemfikia Karani. Safu hiyo ya nne ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayopoteza kura. Ahadi ya simu kutoka kwa seneta aliye safarini haitoshi kumkinga mjumbe wake mbele ya swali la nidhamu, kwa hiyo barua iombwe jana yake, isomwe kuona imetaja siku na shughuli sahihi, na nakala iwe mezani.

Usiridhike na 24 kwenye karatasi. Ninapendekeza kiranja asimshauri Kiongozi wake kuruhusu kura ihojiwe kama jedwali halionyeshi angalau kaunti 30, kwani baina ya saa nane na saa kumi kuna anayeitwa Ikulu, kuna anayepokea wageni kutoka nyumbani, na kuna anayekwama kwenye msongamano wa magari. Kumbuka pia kwamba kujizuia kupiga kura kunapunguza kaunti zinazounga mkono bila kuongeza zinazopinga, ila matokeo kwa Mswada ni yale yale.

Angalia ratiba ya kamati vilevile. Kamati haipaswi kukutana wakati Seneti ina kikao bila idhini ya Spika, lakini mkutano ulioanza asubuhi na gavana akihojiwa juu ya hesabu za kaunti yake huweza kuvuka saa nane kwa urahisi. Kamati nyingi hukutana Bunge Tower, jengo la ghorofa 28 lililofunguliwa mwaka 2024, na anayetoka huko akisubiri lifti pamoja na watu wengine wote hafiki ukumbini kwa dakika mbili. Makarani wa kamati wapewe saa ya kura kwa maandishi, na wao wawakumbushe wenyeviti nusu saa kabla.

Hatua ya nne: Kufungua kikao na kuulinda muda

Spika huingia akitanguliwa na siwa, rungu la mamlaka ya Seneti, husoma sala, na kama akidi haijatimia huagiza kengele ilizwe kwa dakika kumi. Isipotimia baada ya hapo, kikao huahirishwa. Baadaye kikao kikiendelea seneta yeyote anaweza kuinuka na kusema akidi haipo, na ikithibitishwa kengele hulia tena, kwa hiyo kiranja mwangalifu haachi ukumbi ushuke hadi 14 wakati mtu wa upande wa pili ana sababu ya kutaka shughuli isimame.

Baada ya sala, mambo hufuatana kwa kawaida hivi: viapo kama vipo, mawasiliano ya Spika, taarifa rasmi kutoka Bunge la Kitaifa, maombi ya wananchi, kuwasilisha hati mezani, arifa za Hoja, maswali na Taarifa, ndipo Miswada na Hoja zifuate. Tangu mwaka 2023 mawaziri wamekuwa wakifika ukumbini kujibu maswali, hasa Jumatano asubuhi, na kikao hicho kinahitaji mpango wake: seneta mwenye swali atangulie, maswali ya nyongeza yawe mafupi, na waziri asiyekuja jina lake na sababu yake visomwe waziwazi.

Sehemu ya maombi na Taarifa ndiyo inayomeza muda. Ombi likisomwa, Spika anaweza kuruhusu maoni yasiyozidi nusu saa, na Taarifa inayoombwa kamatini juu ya ardhi, mishahara ya wahudumu wa afya au barabara iliyokatika huwainua maseneta kumi, kila mmoja akieleza kwamba hali kwao ni mbaya zaidi. Sipendekezi sehemu hii ibanwe hadi ikose maana. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo, na kwa mkulima wa kahawa au mama wa soko aliyesafiri usiku kuja kuketi katika roshani ya wageni, dakika hizo kumi ndizo Seneti nzima. Ninachopendekeza ni kwamba karani ampe Spika makadirio ya muda kabla ya kikao: maombi mangapi, Taarifa ngapi, dakika ngapi kwa kila moja, na saa ambayo lazima tufikie kura. Spika akijua kwamba amebakiwa na dakika 40, ataruhusu wachangiaji watatu badala ya tisa, na atawaambia mapema. Pia ana uwezo wa kubadilisha mfuatano wa shughuli akiona kaunti zimetimia, na karani anapaswa kumwambia hivyo dakika ile ile, kwa kikaratasi.

Lipo jambo dogo la ukaribisho. Spika anapotangaza kwamba wanafunzi wa shule fulani wamo katika roshani, seneta wa kaunti yao huomba kuwasalimu, na wenzake hufuata. Mmoja atoe salamu kwa niaba ya wote. Watoto hufurahia zaidi kuuona mjadala waliojia.

Hatua ya tano: Kuongoza mjadala wenyewe

Mtoa hoja huzungumza kwanza, mwingine huafiki, Spika huliweka swali mbele ya Seneti, na kuanzia hapo kila seneta huzungumza mara moja, isipokuwa mtoa hoja anayerudi kuhitimisha. Orodha ya wanaoomba nafasi iheshimiwe, lakini si kwa upofu. Mwongoza kikao mzuri hupokezana baina ya pande, huhakikisha maseneta maalum hawaachwi hadi ukumbi umekuwa mtupu, na huwapa nafasi mapema wale ambao kaunti zao zinaguswa moja kwa moja. Katika Mswada wa pareto au wa miraa, nafasi ya kwanza itafutiwe anayetoka inakolimwa.

Kifungu cha 120 kinazitambua lugha tatu za Bunge: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kanuni za Kudumu zinamtaka seneta aliyeanza kwa lugha moja amalize kwa hiyo hiyo. Msaidizi wa seneta anayependa kuzungumza Kiswahili amwandalie takwimu na vifungu vya ripoti vikiwa tayari kwa Kiswahili, maana hati nyingi zinazonukuliwa zimeandikwa kwa Kiingereza na hapo ndipo wazungumzaji hodari hujikuta wamevuka mpaka na kuitwa na Kiti, yaani anayeongoza kikao, warejee.

Sasa tazama kwa karibu swali la nidhamu, kwa sababu ndilo linalotofautisha kikao kinachosonga na kinachozama. Tuseme seneta anachangia Hoja juu ya uhaba wa dawa katika hospitali za kaunti, na katikati ya maneno anasema waziri wa afya wa kaunti fulani amekula pesa za dawa. Mwenzake anainuka.

“Hoja ya nidhamu, Bw. Spika. Je, ni sawa kwa Seneta kumtuhumu mtu ambaye hayumo humu kujitetea, bila kuleta ushahidi wowote?”

Hilo ni swali halali. Kanuni zinamfanya seneta awajibike kwa ukweli wa kila anachodai, na anaweza kutakiwa kuthibitisha papo hapo. Spika anamgeukia msemaji na kumpa njia tatu tu: aweke mezani ushahidi alio nao, kwa mfano ukurasa wa ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, au aeleze kwa nini hawezi kufanya hivyo sasa na apewe hadi siku ya kikao kinachofuata, au ayaondoe maneno na kuomba radhi. Akikataa zote, amekosa nidhamu na anaweza kuamriwa atoke. Karani wa mezani, wakati huo, anaandika maneno yenyewe yaliyotamkwa, saa, na njia iliyochaguliwa. Ikiwa ni njia ya pili, jambo hilo linaingia katika kumbukumbu za Spika za kesho kabla ya mengine yote, kwani ahadi ya kuleta ushahidi isipofuatiliwa mara mbili au tatu, ukumbi mzima hujifunza kwamba inawezekana kumchafulia mtu jina humu ndani bila gharama. Uhuru wa kusema ambao Kifungu cha 117 kinaupa Bunge ni mpana sana, na anayetuhumiwa chini ya ulinzi wake hawezi kumshtaki msemaji popote. Kwa hiyo Kiti ndicho ngao yake pekee.

Lakini maswali mengi yanayoitwa ya nidhamu ni mchango uliovaa kanzu ya nidhamu. Anayeinuka asipotaja kanuni iliyovunjwa katika sentensi mbili za kwanza, Spika amkatize kwa upole na kumrudishia msemaji muda wake. Anayetaka kumpa msemaji taarifa aombe ruhusa ya msemaji mwenyewe, na msemaji ana haki ya kukataa. Msaidizi wa Spika awe na karatasi moja yenye kanuni zinazohitajika zaidi: umuhimu wa mchango kwa jambo lililo mezani, mambo yaliyo mbele ya mahakama, kumjadili Rais au jaji bila Hoja mahususi, lugha isiyofaa, na uthibitisho wa madai. Hizo tano hutosha katika alasiri nyingi.

Mjadala ukianza kurudia yale yale, seneta yeyote anaweza kuomba mtoa hoja aitwe ahitimishe. Spika apime kama upande wa wachache umekwisha kusikika kabla ya kukubali.

Hatua ya sita: Kura

Katika mambo yasiyohusu kaunti Spika huhoji, wanaokubali na wanaokataa huitikia kwa sauti, naye hutangaza anavyosikia. Kwa kura za kaunti kengele hulia kwa muda anaouagiza Spika, milango hufungwa, wahesabuji wa pande zote hutajwa, na kila kaunti hutoa kura yake, kwa mtambo au kwa kuitwa majina. Kura ya majina ni ya polepole lakini naipendelea kwa mambo mazito, kwa kuwa mwananchi wa kaunti ile anasikia kwa sauti jinsi alivyowakilishwa, na anayepiga kura kwa niaba ya kiongozi asiyekuwepo hutamka kaunti anayoipigia.

Mswada ukipita Kusomwa kwa Mara ya Pili, huingia katika Kamati ya Seneti Nzima, ambako vifungu hupitiwa kimoja kimoja. Mabadiliko yote yawe yameletwa kwa maandishi mapema na kuchapishwa, na msaidizi ahakiki kwamba mwenye kuyaleta atakuwepo, kwa sababu badiliko lisilo na mtu wa kulisimamia huachwa. Kwa kuwa kila kifungu kinahitaji kaunti 24, ni busara kujadili vifungu vyote kwanza na kuzipanga kura zake mwishoni kwa pamoja, ndipo kengele ilizwe mara moja badala ya mara kumi.

Siku zisizo za kawaida

Kesi ya kumwondoa gavana mamlakani ina saa yake yenyewe, inayotoka katika kifungu cha 33 cha Sheria ya Serikali za Kaunti. Spika wa bunge la kaunti akileta azimio, Spika wa Seneti huitisha kikao ndani ya siku saba kusikiza mashtaka. Seneti inaweza kuunda kamati maalum ya maseneta 11, inayotakiwa kuripoti ndani ya siku kumi, au ikasikiza kesi yenyewe ikiwa nzima. Kamati ikisema mashtaka hayakuthibitishwa, shauri limeishia hapo. Ikisema yamethibitishwa, gavana husikizwa na kura hupigwa kwa kila shtaka. Seneti nzima ndiyo iliyosikiza kesi ya gavana wa Nairobi, Mike Sonko, Desemba 2020, na kaunti 27 zikaunga mkono kuondolewa kwake huku 16 zikipinga. Kwa mpangaji, njia hiyo maana yake ni kufuta kila kitu kingine katika Orodha, kugawa saa za pande mbili kwa maandishi kabla ya wakili wa kwanza kusimama, na kuwa na jedwali la kaunti 47 tangu asubuhi ya siku ya kwanza hata kama kura ni usiku wa siku ya pili.

Fedha nazo zina msimu. Kifungu cha 218 kinataka Mswada wa Ugavi wa Mapato (baina ya Serikali ya Kitaifa na kaunti) na ule wa Mgao wa Mapato kwa Kaunti uletwe angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kabla ya Mei kuanza, kwa hiyo usijaze Mei kwa Hoja zinazoweza kusubiri. Mahakama ya Upeo ilikwisha kutoa ushauri mwaka 2013 kwamba Seneti ina nafasi yake katika Mswada wa Ugavi wa Mapato, na nafasi hiyo inalindwa kwa kuwahi. Mabunge mawili yasipokubaliana, kamati ya upatanishi ina siku 30 tu za kupata maafikiano, la sivyo Mswada umeanguka.

Kigumu zaidi ni fomula ya kugawa mapato ambayo Kifungu cha 217 kinataka iamuliwe kila baada ya miaka mitano. Mwaka 2020 Seneti ilikutana mara nyingi juu ya fomula ya tatu na kuahirisha kila mara, huku kaunti zikichelewa kupata fedha. Hotuba zilikwisha kutolewa zote. Kilichokosekana ni kaunti 24 zilizokubali jambo moja, na hilo halikupatikana ukumbini. Lilitafutwa na kamati ya maseneta 12, likaja Septemba baada ya Serikali ya Kitaifa kuahidi kuongeza mgao wa kaunti kwa Sh50 bilioni. Mpangaji akiona jedwali lake limesimama kwenye kaunti 20 kwa wiki mbili, asiombe muda zaidi wa mjadala. Apendekeze kamati ndogo yenye kaunti za pande zote mbili, na aliondoe jambo hilo katika Orodha hadi kamati irejee.

Hatua ya saba: Jioni, baada ya Spika kuondoka

Kazi ya kesho huanza dakika kikao kinapoahirishwa. Karani wa mezani aketi na karani wa Orodha ya Shughuli wapitie kila kipengele: kilichoamuliwa kitolewe, kilichokatizwa kiandikwe nani alikuwa akizungumza na amebakiwa na dakika ngapi, kilichoahirishiwa kura kiwekwe katika alasiri ya kura inayofuata. Mswada uliopita uandaliwe kwa ajili ya Bunge la Kitaifa ukiwa na mabadiliko yote ndani, na asomaye asiwe yule aliyeyaandika. Maagizo ya Spika kwa kamati yapelekwe usiku huo kwa makarani wa kamati, yakiwa na tarehe ya kurejesha jibu. Rasimu ya Hansadi, kumbukumbu rasmi ya yaliyosemwa, isomwe pale penye maamuzi ya Kiti na pale ambapo maneno yaliamriwa yaondolewe. Kisha jedwali la kaunti 47 lifunguliwe upya, na aliyekosa leo apigiwe simu kabla hajalala ili ijulikane kama kesho atakuwepo au ataandika barua.